Sahihi ya Msaidizi

Chuno, Mtwara
3 Juni 2024

Kaka Leonel,

Salamu kutoka Chuno. Natumaini safari ya kurudi Mahurunga haikukuumiza. Niliona lile gari lilivyowabeba, wewe umelala nyuma kwenye godoro na mama yako, Mama Graca, amekushika kichwa.

Nampa Issa, mhudumu wenu wa afya, bahasha hii kwa sababu simu yako haipatikani. Kila nikipiga najibiwa kwa Kireno. Ndani kuna karatasi za vipindi vya wiki nane. Kila siku ina mistari miwili, asubuhi na jioni. Mnaandika zoezi mlilofanya na dakika mlizotumia, kisha Dalila anatia sahihi pale palipoandikwa "sahihi ya msaidizi". Mkeo nilimwelekeza mwenyewe wodini: mkono mmoja chini ya kisigino, mwingine juu ya goti, anaunyoosha mguu taratibu huku akihesabu hadi thelathini. Kazi yako wewe ni kujiinua kwa mikono kila nusu saa unapokuwa umekaa. Huwezi kusikia nyama za makalio zikiumia, kwa hiyo usisubiri maumivu.

Sasa nikueleze jambo moja waziwazi. Mwezi wa kumi mradi wetu wa mazoezi tiba utachukua watu sita kwa mafunzo ya wiki sita hapa mjini, na kila mmoja ataondoka na kiti cha magurudumu kilichopimwa kwa mwili wake. Kwenye orodha yangu mko arobaini na mmoja. Atakayepungukiwa na vipindi tisini kati ya mia moja na kumi na viwili hatafikiriwa. Sharti hilo sikuliweka mimi, lakini ndilo lililopo.

Ni miezi saba tangu uanguke kutoka juu ya lori la korosho pale Nanyamba. Mikono yako ina nguvu na kichwa chako kinafanya kazi. Nataka uwe mmoja wa wale sita.

Issa atapita zahanati kila baada ya wiki mbili kuchukua karatasi.

Hawa Mkumba
Mazoezi Tiba


Mahurunga
17 Juni 2024

Daktari Hawa,

Bahasha yako niliipata salama. Karatasi za wiki mbili ndizo hizi, vipindi ishirini na vinane, hakuna hata kimoja kilichorukwa.

Kuhusu simu, usishangae. Nyumba yetu iko karibu mno na mto, simu inashika mnara wa Msumbiji. Mpaka mtu apande kule shuleni ndipo inarudi Tanzania, na mimi siku hizi sipandi popote.

Kiti nilichoazimwa hospitali gurudumu la mbele limepasuka. Barazani kinakwenda, ila nikishuka uani kwenye mchanga kinazama na mimi juu yake. Nakaa hapo mpaka mtu apite.

Kuna habari moja. Asubuhi nikifunuliwa shuka miguu inaruka yenyewe, hasa wa kulia. Mama ameona. Juzi aliita majirani wawili waje watazame, wakakaa kitandani kwangu wakisubiri mguu uruke kama watu wanaosubiri mpira uanze. Uliporuka, mama akalia na kumshukuru Mungu. Niambie ukweli, ni kupona huko?

Dalila anakusalimu. Anasema mikono yake sasa imezoea kazi.

Leonel Faustino


Chuno
1 Julai 2024

Kaka Leonel,

Mimi si daktari, niite Hawa inatosha.

Samahani kwa jibu nitakalokupa. Kuruka kwa miguu si kupona. Ni misuli inajikaza yenyewe kwa sababu amri ya ubongo haiifikii. Mweleze mama polepole, asiendelee kuita watu.

Zaidi ya hapo nina furaha. Karatasi zako nimezionyesha kwenye kikao cha ofisi na mkuu wangu ameziingiza kwenye ripoti ya robo mwaka kama mfano. Wengine hapa mjini, wanaokaa mita mia tano kutoka kwangu, hawafikishi hata nusu. Mwambie Dalila namshukuru kwa dhati. Mwambie pia asilisukume goti kwa nguvu, alisikilize kwa mikono.

Tarehe kumi na nane nina safari ya Kilambo. Nitapita kwenu nimwone akifanya.

Hawa


Mahurunga
8 Julai 2024

Dada Hawa,

Nimemwomba Issa apeleke hii haraka. Tafadhali usisumbuke kupita tarehe kumi na nane. Dalila na mama watakuwa bondeni kwenye mpunga, utakuta nyumba imefungwa na mimi nimewekwa kwa jirani. Tutaonana kliniki mwisho wa mwezi, ni siku chache tu.

Karatasi za wiki nyingine mbili hizi hapa. Ishirini na nane tena.

Leonel


Chuno
31 Julai 2024

Leonel,

Jana ulipotoka kliniki nilifunga mlango nikakaa. Nilitaka nikuandikie hapo hapo, nikaona bora hasira ipoe kwanza. Imekataa kupoa.

Karatasi zako zinasema vipindi mia moja na kumi na viwili kati ya mia moja na kumi na viwili. Mwezi wa sita goti lako la kulia lilikuwa linanyooka lote. Jana limebaki limejikunja, limepungukiwa nyuzi ishirini na mbili, na nilipojaribu kulinyoosha lilinigomea kama mlango uliovimba kwa mvua. Visigino vyote vimekaza. Na juu ya mfupa wa mkia una kidonda chenye upana wa kifuniko cha soda, kimeshaanza kuingia ndani. Kidonda kile hakikuja wiki hii. Mtu anayenyooshwa mara mbili kwa siku, anayegeuzwa, anayejiinua, hapati mwili ule.

Nikauliza, "Dalila yuko wapi?" Ukajibu, "Amebaki anaanika mpunga." Mama Graca akatazama sakafu.

Nimezitandaza sahihi mezani. Mwanzoni mwa Juni sahihi inabadilika kidogo kila siku, kama ya mtu anayeandika huku ana haraka. Halafu kuanzia katikati ya mwezi zote ni sawasawa, zimeandikwa kwa kalamu moja na kwa mkono uliotulia. Nimefika mahali nawahurumia watu ninaowasema kila siku kwa kutofikisha. Angalau hawakunidanganya.

Mwambie mkeo nimemkasirikia naye. Nilimwamini. Kama amechoka angesema, tungetafuta njia. Wawili nyinyi mmekaa mkajaza karatasi huku nyama yako inaoza.

Dawa ya kidonda nimempa Issa. Kisafishwe kila siku. Usikikalie kabisa, lala kifudifudi.

Hawa


Mahurunga
3 Agosti 2024

Dada Hawa,

Naandika nimelala kifudifudi kama ulivyoamuru, kwa hiyo vumilia mwandiko.

Umkasirikie nani? Dalila hayupo. Aliondoka tarehe kumi na nne Juni, akavuka mto kwenda kwa mama yake, Kionga. Sahihi zile ulizosema zimetulia ni zangu. Nilijifunza jina lake kwenye cheti chetu cha ndoa. Amechoka kuishi na nusu mtu, ndiyo habari yenyewe, na simlaumu.

Nimebaki na mama. Unamfahamu, ana miaka sitini na nne na mgongo wake nao umepinda kwa kulima. Kunigeuza kitandani anaweza kama nikishika boriti nikamsaidia. Kunyanyua mguu wangu mmoja anaweza. Wa pili pumzi inamwisha, anakaa chini. Siku nyingine alikuwa anajaribu na mimi namwambia, "Acha mama, inatosha," na ilikuwa haijatosha.

Unauliza kwa nini sikusema. Soma barua yako ya kwanza. Uliandika atakayepungukiwa hatafikiriwa. Kwenye karatasi yako kuna nafasi ya zoezi, nafasi ya dakika, nafasi ya sahihi. Nilitafuta mahali pa kuandika "leo hapakuwa na mtu" sikupaona. Nikaona kuna njia mbili: niache wazi nipoteze kiti, au nijaze. Nikajaza. Nilidhani nikishafika kwenye mafunzo, mikononi mwenu, mtaninyoosha mpaka nirudi sawa. Sikujua mwili unakaza upesi hivyo. Kidonda sikukijua kabisa. Mama alikiona, akadhani ni joto la godoro, akapaka mafuta ya nazi.

Unajua ilivyo mtu kukaa juu ya jeraha lake mwenyewe wiki tatu asilisikie? Mimi ndiye niliyekuwa napanda lori lililojaa hadi juu, nafunga turubai peke yangu, vijana wanashangaa. Sasa naambiwa na watu wengine mwili wangu unaumwa wapi.

Nisamehe. Ila nafasi yangu usiitoe. Unazo zile karatasi, na ofisi imeshazikubali. Sikuombi useme uongo. Nakuomba unyamaze tu.

Leonel


Chuno
9 Agosti 2024

Kaka Leonel,

Nimesoma barua yako mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri.

Uko sahihi kuhusu karatasi. Niliwaandikia watu arobaini na mmoja vitisho kwa mwandiko mzuri, kisha nikashangaa kudanganywa. Na tangu Juni nilikuwa natuma salamu kwa mtu asiyekuwepo, sikuwahi kujiuliza mbona hajawahi kuniandikia hata mstari mmoja. Hilo ni kosa langu.

Lakini nimeirekebisha ripoti. Nimeandika kwamba vipindi vyako vilivyothibitika ni vichache, na kwamba vingine vilijazwa pasipo kufanyika. Mkuu wangu amenikemea, kwa sababu ripoti ilishapelekwa juu na wewe ndiye uliyekuwa mfano. Amesema ningekuja kuona kwa macho yangu. Nimemjibu gari la ofisi limekaa gereji tangu Mei na ile safari ya Kilambo nilikuwa nakwenda kwa nauli ya mtu mwingine. Amesema hiyo si hoja.

Ningeweza kunyamaza, ndiyo. Ungeingia kwenye mafunzo na goti lisilonyooka na kidonda kilicho wazi. Wangekukalisha kwenye kiti kipya siku ya kwanza, na kidonda kingefika mfupani. Nimeona mtu akifa kwa njia hiyo, Leonel. Alikuwa na umri kama wako.

Jina lako limetoka kwenye orodha ya Oktoba. Nimeliandika kwenye ya mwakani, kwa mkono wangu, sijui kama litaheshimiwa.

Hawa


Mahurunga
12 Agosti 2024

Hawa Mkumba,

Usinitumie tena karatasi. Usinitumie barua. Kwa kifo cha huyo mtu wako pole, lakini mimi sikukuomba unihesabu pamoja naye.

Dawa imekwisha, mama ataifuata zahanati.

L. Faustino


Kionga
28 Agosti 2024

Kwa Dada Hawa wa Mazoezi,

Shikamoo, kama umenizidi. Mimi ni Dalila, mke wa Leonel Faustino wa Mahurunga. Barua hii nimempa Celia, anayevusha vitenge, aifikishe Chuno.

Mama Graca ameniletea habari kwa mdomo wa Celia kwamba Leonel ameondolewa kwenye orodha kwa sababu ya sahihi zangu, na kwamba wewe umenikasirikia. Sahihi ni jina langu. Nimeona nieleze mwenyewe.

Siku tisa nilijaribu kufanya kama ulivyonielekeza. Siku ya kwanza alitazama ukutani. Ya pili akafunika uso kwa kanga. Ya tatu nilipomshika kisigino akaupiga mkono wangu, akasema, "Niache, huoni unanikunja kama mzigo?" Nikarudi jioni, akapiga tena. Kuanzia hapo siku moja anakubali, mbili anakataa. Kila anapokataa ananiambia, "Tia sahihi." Nikamuuliza, "Nitie sahihi ya nini, mbona hatujafanya?" Akasema mke mwema angetia. Nikatia. Nimetia mara saba ambazo sikumgusa, nakiri mbele yako.

Tarehe kumi na tatu jioni nilikataa. Tukagombana. Akaniambia anajua nitaondoka tu, wanawake wote huondoka, basi niende mapema asipate tabu ya kunizoea. Dada, mimi nilimbeba mtu yule kutoka Nanyamba kichwa chake kikiwa mapajani mwangu. Nililala sakafuni wodini miezi mitatu. Asubuhi yake nikafunga nguo.

Nasikia anawaambia watu nimemkimbia kwa kuwa hatembei. Si hivyo. Kutotembea kwake nilishakuzoea kabla yake. Sikuweza kukaa na mtu asiyetaka kuguswa, halafu anataka niandike kwamba nimemgusa.

Usimwambie nimeandika. Kidonda kikoje?

Dalila


Chuno
4 Septemba 2024

Kaka Leonel,

Uliniambia nisiandike. Naandika. Ukiona vema choma.

Nimekutumia kwa Issa mkanda mrefu nilioushona kwa kitambaa cha turubai, una kitanzi mwisho. Ukikaa umenyoosha miguu kitandani, dakika chache tu na kidonda kikiwa wazi kati ya mito miwili, tia wayo kwenye kitanzi, vuta kwa mikono yako mwenyewe, hesabu hadi thelathini. Goti la kulia Mama Graca alikandamize taratibu kwa mkono mmoja, hana haja ya kunyanyua kitu. Ukishapona kidonda, funga kamba kwenye ile boriti, uitumie kujigeuza bila yeye.

Kuna daftari pia. Si la mradi, hakuna atakayelikagua, nimelinunua dukani hapa jirani. Mistari nimeichora mwenyewe. Halina sahihi ya mtu. Kuna mahali pa kuandika ulichofanya, na mahali papana kuliko hapo pa kuandika kwa nini hukufanya.

Swali moja, na sitaki jibu la kunifurahisha. Kabla Dalila hajaondoka, ulikuwa unamruhusu akushike?

Hawa


Mahurunga
30 Septemba 2024

Dada Hawa,

Mkanda umefika. Siku nne niliutundika msumarini nikautazama. Ya tano nikautumia kwa sababu mama aliniambia kama siutaki atafungia mbuzi.

Nakuandikia hesabu ya kweli. Siku kumi na tisa, vipindi ishirini na tatu. Siku mbili sikufanya kwa homa. Moja sikufanya kwa hasira: Issa alinihadithia kwamba nafasi niliyokuwa naitaka amepewa Osvaldo wa Nanyamba, yule aliyeanguka kwenye mnazi. Namfahamu, ana watoto wanne. Nilitaka nimchukie, sikuweza, basi nikamchukia Issa kwa kuleta habari. Kidonda kimebaki kama ukucha wa kidole gumba. Goti silioni likibadilika. Mama anasema limeshuka kidogo, lakini mama ndiye aliyeita majirani waje watazame mguu unaoruka.

Wewe bado nina hasira nawe. Nimejaribu kuiacha, haijaniacha. Oktoba hii ningekuwa huko mjini. Najua ulichokiandika kuhusu kidonda na mfupa, na nikisoma naona una haki, halafu nikigeuka nikakiona kile kiti kilichopasuka hasira inarudi upya. Nadhani tutakuwa hivyo kwa muda, mimi na wewe.

Sasa swali lako. Jibu ni hapana. Sikumruhusu. Siku chache nilimruhusu na nyingi nilimpiga mkono. Alipokuwa anauinua mguu wangu nilikuwa nautazama unavyokwenda hewani, mwembamba, kama kitu kilichookotwa, na yeye anahesabu "kumi na moja, kumi na mbili" kwa upole, na mimi sisikii chochote. Nilikuwa naona kana kwamba anamhudumia mtu mwingine chumbani mle, mimi nimekaa pembeni natazama. Nikamfukuza. Si kwamba aliondoka kwa kuchoka nusu mtu. Nilikuandikia uongo huo pia, na ndio ulionikaa vibaya kuliko zile sahihi.

Nilimwandikia yeye hayo hayo wiki mbili zilizopita, nikampa Celia. Hakujibu.

Juzi Jumamosi mchana alikuja. Alisema amefuata cherehani yake. Alisalimiana na mama, wakakaa jikoni muda mrefu wanamenya viazi pori vya ming'oko, nasikia sauti zao sisikii maneno. Mimi nilikuwa kitandani na mkanda wangu, ni saa ya kipindi, nikaona nikiacha ataona nimeacha, na nikifanya atadhani najionyesha. Nikafanya. Mama akaja kulikandamiza goti kwa mkono kama ulivyosema.

Dalila alisimama mlangoni. Akatazama. Halafu akasema, "Mama, linakwenda nje hilo, unalisukuma upande."

Mama akasema, "Basi njoo wewe."

Akabaki pale pale. Akanitazama mimi, si mguu. Akauliza, "Nije?"

Nikasema, "Njoo."

Akaja akakaa ukingoni mwa kitanda. Akaweka mkono juu ya goti langu, akalirudisha katikati, akaanza kuhesabu. Nikauona mkono wake pale. Ule mkwaruzo wa sindano kwenye kidole cha shahada bado upo. Nilikuwa nautazama mkono huo kwa nguvu zote, dada, nikisubiri angalau joto lake, na halikuja. Ningeweza kulia kwa hasira. Nimeuona tu, kama mtu anavyoona kitu kupitia dirishani.

Alipofika thelathini akalegeza, akataka kuuondoa. Nikamwambia auache hapo.

Leonel